Uso wa Rahabu na Mikono ya Shangazi

Kila Felista alipopaka mdomo rangi nyeusi, Issuna nzima ilimuuliza nani amefariki.

Swali lenyewe halikuwa la ubaya. Mama wa genge la nyanya aliuliza akiwa ameshaiweka sura yake tayari kupokea habari, na mzee wa mashine ya kukamua alizeti alivua kofia kabisa. Felista akawa anajibu kwamba hakuna aliyefariki, ni rangi tu, ni mtindo. Mzee akairudisha kofia kichwani huku akimwangalia kama mtu anayehisi amefichwa jambo. Jua halijachanganya, Felista alikuwa ameshaeleza maneno hayohayo mpaka koo limemkauka, na hajashika hata kichwa kimoja cha kusuka.

Saluni yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara kuu, kimepakana na hiyo mashine ya alizeti, kwa hiyo ndani kulinuka spreyi ya nywele na mashudu kwa pamoja. Juu ya mlango alikuwa ameandika kwa mkono wake SALUNI NA UREMBO, akabakiza nafasi ya neno jingine ambalo hajalipata hadi leo. Kulikuwa na kiti cha kuzunguka kisichozunguka, kioo kirefu chenye ufa chini, na rafu ya vipodozi. Kusuka ndiko kulikomlisha, lakini asubuhi akiamka alikuwa anaamkia ile rafu.

Tuseme ukweli, Issuna haikuwa na ugomvi na mekapu. Iliitaka sana, ila iliitaka ya aina moja tu. Mteja anakaa, anasema, "Nipendezeshe," na hapo anamaanisha hivi: nyoa nyusi zote, chora mpya kwa penseli, zisimame kama za mtu aliyeshtuliwa usingizini, mwaga poda mpaka awe mweupe kuliko mama yake na ukoo wake mzima, malizia na mdomo mwekundu wa kung'aa. Shingo iachwe kama ilivyo. Felista aliifanya kazi hiyo vizuri, na kila alipoimaliza alijisikia kama amesema uongo mbele ya mashahidi. Maharusi wa pale kwenye picha walifanana kama watoto wa tumbo moja, na yeye ndiye aliyewazaa wote.

Alichokipenda yeye alikiona kwenye simu. Alikutana na video ya dada mmoja wa mbali huko, mweusi tititi kama yeye, aliyejipaka giza machoni kuanzia kwenye kope mpaka karibu na nyusi, mdomo wa rangi ya zambarau iliyoiva kupita kiasi, mashavu hayana wekundu hata chembe. Wenyewe mtindo huo wanauita gothiki. Felista hakujua neno hilo lina maana gani wala hakujali. Alichokiona ni kwamba yule dada hakuuficha weusi wake, aliuongezea, na ulimkaa vizuri mpaka Felista akairudia video ile hadi chaji ikakata. Tangu siku hiyo akawa na hamu moja ambayo hakuweza kumweleza mtu bila kuchekwa. Alitaka amkalishe mwanamke wa hapa, mwenye ngozi ya hapa, ampake giza lile atoke nalo mbele za watu, na watu waseme amependeza. Mara moja tu ingemtosha.

Basi hamu ilikuwepo, vipodozi ndivyo vilivyomsumbua. Fandesheni zilizofika Singida mjini zilikuwa za rangi ya chai ya maziwa, ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na ya maziwa matupu. Akiuliza ya rangi yake, muuzaji anamwambia hiyo hawaleti kwa kuwa hakuna anayeiuliza, na yeye amesimama palepale anaiuliza. Akaanza kuchanganya mwenyewe kwa unga wa wanja wa kahawia, siku nyingine inatoka sawa, siku nyingine anafanana na mtu aliyeanguka kwenye tope. Akaagiza penseli nyeusi kutoka Dar es Salaam, ikafika imeyeyukia kwenye buti la basi. Akaagiza praima, ile ya kutangulia chini ya fandesheni, iliyoandikwa kwamba inashika mchana kutwa, na kweli ilishika, ila ilishika vumbi. Kope za bandia alizozisubiri kwa hamu, moja ilimdondoka ikaangukia karibu na sinia ya ugali, na mama yake, Esta, akaiua kwa kandambili kabla hajaambiwa ni kitu gani.

"Mama, hiyo ni kope," Felista alisema.

"Ilikuwa na miguu," mama yake alijibu, akaendelea kula.

Kila kipya alikijaribu kwanza usoni kwake, na majaribio yake yalikuwa ya Issuna, siyo yale yanayoandikwa kwenye maboksi. Anapaka asubuhi, kisha anatembea mpaka mnadani huku upepo unampiga usoni. Upepo wa huku haubembelezi mtu, unakuja na mchanga wake. Sura ikirudi nyumbani pamoja naye, imefaulu. Baada ya hapo anainama jikoni kwa mama yake kupuliza kuni mbichi mpaka machozi yamtoke, kisha anabeba ndoo kutoka kisimani ili atokwe jasho. Kipodozi kilichovuka upepo, moshi na jasho kinapata nafasi kwenye rafu. Jioni anachukua kipande cha kitenge chakavu, anakidondoshea mafuta ya alizeti, anafuta, na kila kitu kinaondoka kwa mkupuo, hata kile kilichoandikwa hakitoki. Kuhusu mafuta hakuwaza zaidi ya hapo. Nani Issuna angewaza mafuta kuwa adui? Mzee wa mashine alimjazia chupa kila alipomaliza kukamua.

Jumapili moja alikwenda kanisani na ule mdomo mweusi wa majimaji, unaokauka ukishapakwa. Alijua anachokifanya. Mwalimu wa kwaya, Laurenti, hakugomba. Alimwomba kwa upole asimame mstari wa nyuma, akasema ni kwa ajili ya mpangilio wa sauti. Felista ameimba sauti ya kwanza tangu utotoni, na siku hiyo aliiimba katikati ya wanaume wa besi, amekasirika hadi ubeti wa pili ukampotea. Baada ya ibada mama mmoja akamshika mkono akamwambia wanamwombea.

"Mnaniombea nini, mama?"

"Hicho kilichokuingia, mwanangu."

Felista aliondoka bila kusubiri mnada wa sadaka. Njiani aliona aibu, na kuona kwake aibu kukamkasirisha zaidi, maana hakuwa amemkosea mtu. Alikuwa amepaka rangi mdomo wake mwenyewe. Hicho tu.

Wiki hiyohiyo Rahabu akaja saluni. Rahabu alikuwa fundi cherehani wa hapohapo sokoni, binti wa watu wapole, na habari za harusi yake zilikuwa zimeshasambaa: anaolewa na kijana wa Singida mjini, na sendofu yake, sherehe ya kuagwa na kwao, ingefanyika kwenye ukumbi wa Issuna kabla ya harusi yenyewe. Felista alimkaribisha kiti, akaanza kutafuta kopo la poda nyeupe.

"Hilo liache, dada Feli," Rahabu alisema. "Mimi nataka hiyo yako."

"Ipi yangu?"

"Hiyo uliyopaka."

Felista akajitazama kwenye kioo, akamtazama Rahabu, akitafuta utani ulipo. "Unajua wanachosema watu? Wanasema nimefiwa. Wengine wanasema nimejiunga na mambo ya ajabu."

"Najua. Tena wanasemea kwangu wakija kupima nguo." Rahabu alikaa vizuri kwenye kiti. "Lakini nimeangalia picha za dada zangu wote waliotangulia. Uso mweupe pee, shingo nyeusi. Mimi nachagua vitambaa kila siku, najua rangi inayomkubali mtu na inayomkataa. Sitaki shingo yangu inisute mbele ya wageni."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Felista maneno matamu namna hiyo, hata wanaume wawili waliowahi kumwambia wanampenda. Wakakaa wakapanga. Siyo ile ya kutisha watoto, walikubaliana. Macho ya moshi, mdomo wa rangi ya damu ya mzee uliokolezwa na nyeusi, na ngozi iachwe ya Rahabu mwenyewe. Mama yake Rahabu alipoonyeshwa jaribio la kwanza alishika kiuno akauliza, "Na watu wakicheka?" Rahabu akamwambia watacheka wakishashiba, na mama akakubali kwa shingo upande, ila akamwambia Felista siku hiyo aje na poda ya kawaida kwenye begi, kwa tahadhari.

Felista hakulala vizuri tena baada ya hapo. Ukumbini wangekuwepo wote: wateja wake, kwaya nzima, Laurenti, na wale waliokuwa wanamwombea. Giza lile likimkubali Rahabu, basi lingekuwa limeikubali Issuna, na yeye angepata la kujibu. Likimkataa, angerudi kwenye nyusi za kushtuka na kumwaga poda mpaka uzeeni, na asingekuwa na mdomo wa kusema kitu, wa rangi yoyote ile.

Siku ilipofika aliingia nyumbani kwa kina Rahabu mapema mchana, begi begani. Chumbani kulikuwa na wasimamizi wawili wakibishana juu ya pini, na mlangoni, juu ya kigoda, alikaa bibi mmoja mwembamba aliyenyooka, mkoba wake mapajani. Huyo ndiye shangazi Scholastika, dada mkubwa wa baba yake Rahabu, aliyekuja kutoka Sepuka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nani amefariki?"

Felista aliweka begi chini. "Hakuna, shangazi. Ni rangi."

"Haya," shangazi alisema.

Katika ukoo ule kuna jambo moja ambalo haliachwi. Binti haagwi mpaka shangazi yake ampake mafuta usoni kwa viganja vyake, mafuta ya alizeti ya shamba la kwao, asije akatoka amepauka kama mtu asiye na wa kumjali. Felista alilijua hilo. Na Rahabu alipoketi mbele ya dirisha uso wake ulikuwa unang'aa kuanzia paji mpaka kidevu, kwa hiyo Felista akahesabu kwamba shangazi ameshamaliza yake asubuhi. Alimfuta taratibu kwa tishu, akiwaomba radhi moyoni wazee wa ukoo, akajiona mjanja kwa kuchelewa kidogo kuanza. Hakuuliza. Kumbe ule mng'ao ulikuwa losheni ya Rahabu mwenyewe, ya kila siku, ya baada ya kuoga.

Alifanya kazi muda mrefu. Fandesheni aliyoichanganya ilikaa juu ya ngozi ya Rahabu bila kuonekana, na hiyo ndiyo sifa yake. Wanja aliuanzia kwenye mizizi ya kope, akaupandisha kidogokidogo kwa brashi ndogo, ukafifia juu kama moshi unaoishia kwenye paa la jiko. Nyuma yake alikuwa anasikia macho ya shangazi mgongoni.

"Unampaka masizi?" shangazi aliuliza.

"Wanja, shangazi."

"Jicho zima?"

"Ndivyo anavyotaka mwenyewe."

"Haya."

Ile "haya" ilimkera kuliko matusi. Alimalizia mdomo kwa mkono uliokaza, akapuliza spreyi ya kushikilia, akampa Rahabu kioo. Rahabu akajiangalia. Aligeuza kichwa upande huu, akageuza upande ule, akashusha kioo mpaka shingoni, uso na shingo vikakutana bila mpaka. Wale wasimamizi wakaacha pini zao.

"Ndiyo mimi," Rahabu alisema kwa sauti ndogo. "Ndiyo mimi mwenyewe, ila nimekusudia."

Felista aligeukia dirishani akajifanya anapanga brashi, maana machozi yalimlengalenga na alikuwa na wanja wake mwenyewe wa kulinda. Alifurahi. Tangu aanze kazi hii hakuwahi kufurahi namna hiyo, na furaha yenyewe iliishia kwenye honi ya gari lililokuja kumchukua bibi harusi.

Rahabu akainuka, gauni likashikwa, wakaelekea mlangoni. Shangazi Scholastika alikuwa amesimama katikati ya mlango. Alifungua mkoba, akatoa chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, akamimina mafuta kwenye kiganja mpaka yakafurika.

Felista aliyaona yote hayo kama mtu anayeona ndoo ikitumbukia kisimani na kamba hana. "Shangazi, subiri kidogo," alisema, lakini shangazi alikuwa ameshaanza maneno yake kwa Kinyaturu, na maneno yale hayakatizwi na mtu. Rahabu mwenyewe alikunja magoti, akainamisha kichwa. Viganja vikatua kwenye paji la uso, vikashuka juu ya macho, mashavu, mdomo, hadi kidevuni. Na kwa kuwa alikuwa anampenda mtoto wa kaka yake, akarudia tena.

Shangazi aligeuza viganja vyake akaviangalia. Vilikuwa vyeusi.

"Sasa hii nini?" aliuliza.

"Shangazi, umefanya nini?" Sauti ya Felista ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, na kila mtu akageuka, maana bibi wa heshima haulizwi hivyo. "Tangu mchana niko hapa. Umekaa hapo unaniangalia, mkoba uko mapajani, hukusema neno."

"Na wewe hukuuliza," shangazi alisema. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimempaka mafuta. Wewe ulitaka atoke mkavu?"

Ukweli ni kwamba Felista hakuuliza. Alijaribu upepo, alijaribu moshi, alijaribu jasho, na kila jioni alijifuta kwa mafuta yaleyale, lakini mafuta ya shangazi aliyahesabu tu kwamba yameshapita. Alitamani kukaa chini alie kama mtoto. Honi ikapigwa tena.

"Mfute upesi umpake poda ya kawaida," mama yake Rahabu alisema. "Umekuja nayo, si ndiyo?"

Alikuwa amekuja nayo. Mkono wake uliingia kwenye begi, ukalishika lile kopo, na kwa muda akaona jinsi ilivyo rahisi: dakika chache, uso mweupe, kila mtu ataridhika, hakuna atakayeuliza kitu. Hapo Rahabu akainua uso.

"Usinipake unga, dada Feli," alisema. "Fanya lolote, ila siyo unga."

Felista akamwangalia kwa mara ya kwanza tangu viganja vile vishuke. Wanja ulikuwa umesambaa mpaka kwenye mifupa ya mashavu na kuelekea masikioni. Rangi ya juu ya mdomo ilikuwa imeondoka, lakini damu ya mzee ilikuwa imeshaingia ndani, imebaki kama doa la zambarau. Fandesheni aliyoihangaikia ilikuwa imekwenda zake. Chini yake kulikuwa na ngozi, nyeusi, inameremeta, na hakuna kipodozi kwenye rafu yake kilichowahi kumpa kitu kama kile.

Akaacha kopo. Alichukua tishu akabonyeza mafuta yaliyozidi, bila kusugua. Kwa kidole cha shahada akauvuta wanja uliomwagika, akaupeleka nje kwenye panja la kila upande, ukawa kama ulikuwa na safari yake tangu mwanzo. Akagusa mdomo mara moja. Kazi hiyo aliifanya kwa hasira tupu.

"Nenda," alimwambia, na Rahabu akavuka kizingiti.

Alipoingia ukumbini taa zilimkuta usoni. Watu waligeuka, na Felista alijibana kwenye nguzo karibu na mlango. Kisha mwanamke mmoja wa mbele akapiga kigelegele, na ukumbi mzima ukamfuata. Felista akasikia neno alilolisubiri miaka yote ile, akalisikia kulia na kushoto kwake, likisemwa na watu waliomuuliza amefiwa na nani. Amependeza. Jamani, amependeza huyu mtoto.

Mshereheshaji akakamata kipaza sauti. "Wageni waalikwa, hebu tuambiwe, nani amemng'arisha bibi harusi wetu namna hii?"

"Shangazi yake," wakajibu kwa pamoja kutoka kwenye meza ya kina mama. "Hayo ni mafuta ya Sepuka."

Makofi yakalipuka. Shangazi Scholastika akainuka, akacheza hatua mbili tatu, akainua viganja vyake juu watu wavione. Kutoka kule nguzoni Felista aliona bado vina weusi wa wanja wake.

Laurenti, mwalimu wa kwaya, alikuwa amesimama jirani yake na sahani mkononi. "Umeona, Felista?" alimwambia kwa wema kabisa. "Uzuri wa asili. Hakuna mambo ya marangi."

"Laurenti, yale macho unadhani alizaliwa nayo?"

Laurenti akacheka sana, akidhani ametaniwa. Felista alitamani kumwaga kopo zima la poda juu ya sahani yake. Baadaye, kwenye shukrani, Rahabu alimtaja kwa jina, tena mara mbili, lakini ilikuwa wakati ule ndafu inaingizwa kwa ngoma, mbuzi mzima na majani yake mdomoni, na hakuna ukumbi duniani unaosikiliza jina la mtu mbele ya ndafu. Felista alikula wali wake amesimama, akaondoka.

Ungedhani basi mambo yalibadilika. Yalibadilika, ila kwa upande wa kumuudhi. Wanawake walianza kuja saluni na chupa za mafuta ya alizeti mkononi, wakitaka "ile ya Rahabu". Akiwaeleza kwamba ile ya Rahabu ilikuwa na wanja, na mdomo, na kazi ya saa nyingi, wanamwangalia kwa huruma, kama fundi anayejisifia kazi ya mwenzake. Na yeye mwenyewe akipaka mdomo wake mweusi, mama wa genge bado anauliza, "Nani tena?"

Kisha akaja Dina. Dina alikuwa mchumba wa kijana wa mwenye mashine, na sendofu yake ilikuwa inakaribia. Hakuja peke yake. Nyuma yake, mkoba mkononi, ameinama kidogo kukwepa bati la mlango, aliingia shangazi Scholastika.

"Huyu si shangazi yako," Felista alisema baada ya shikamoo.

"Tumemwazima," Dina alijibu. "Shangazi yangu mwenyewe amekubali. Kila mtu anamtaka yeye, ana mkono."

Shangazi alikaa, akaweka mkoba mapajani kama siku ile. "Wewe mpake hayo yako," alimwambia Felista, "mimi nitamalizia."

Nitamalizia. Felista alilirudia neno lile kichwani. Miaka ya kuagiza, ya kuchanganya, ya kusimama na wanaume wa besi, na sasa amekuwa mtu wa kuanza kazi na kumaliziwa. Angeweza kuwafukuza wote wawili. Badala yake alikwenda kwenye ndoo, akachota maji, akachukua taulo.

"Shangazi, lete mikono."

"Ya nini?"

"Kila kipya kinachoingia humu ndani nakijaribu kwanza. Lete."

Shangazi akanyoosha mikono, labda kwa mshangao. Felista aliviosha viganja, akavikausha, akavikagua kwenye mwanga wa mlangoni. Vilikuwa na sugu za jembe, vigumu kuliko sponji yoyote aliyowahi kununua. Akafungua chupa ya soda, akadondosha tone moja katikati ya kila kiganja, akaziba.

"Tone moja?" shangazi aliuliza. "Unapaka kifaranga?"

"Zaidi ya hapo ni kukaanga, shangazi. Sasa sikiliza. Paji la uso ni lako. Mashavu ni yako. Kidevu, chako. Macho na mdomo ni vyangu, usiviguse."

"Utanifundisha mimi kupaka mafuta, mwanangu? Nimepaka mabinti kabla mama yako hajaolewa."

"Nakufundisha, shangazi," Felista alisema. "Samahani, lakini nakufundisha."

Dina alitazama chini. Shangazi aliviangalia viganja vyake na yale matone. "Haya," alisema mwishowe. "Nijaribu kwa nani? Kwa huyu?"

"Kwangu."

Felista akamwinua Dina, akakaa yeye kwenye kile kiti kisichozunguka, macho yake yamepakwa moshi, mdomo wake mweusi kama alivyoamka nao. Akafumba macho. Hakuwa bibi harusi, hakuwa mtoto wa ukoo ule, na hakuna mtu aliyewahi kumshika uso isipokuwa yeye mwenyewe, kwa brashi. Viganja vile vigumu vikatua kwenye paji lake. Shangazi akaanza maneno yake ya Kinyaturu, yote kuanzia mwanzo, hakuruka hata moja.

Mama wa genge akachungulia mlangoni, akaona mwanamke amekaa kitini na mdomo mweusi, bibi kizee anamshika uso na kunong'ona. Akaweka mkono kifuani.

"Jamani, nani amefariki?"

Shangazi Scholastika alimaliza sentensi yake kwanza. "Hakuna aliyefariki," alisema bila kugeuka. "Huoni mtu amependeza?"

Felista hakufumbua macho. Alikaa palepale akalisikiliza lile neno mpaka likatulia. Kisha akahisi kitu cha joto, ambacho hakikuwa mafuta, kinateleza kwenye kope yake ya kushoto.

"Umegusa jicho, shangazi," alisema. "Tunaanza upya."